Daftari la mchora hina: namna ya kulianza na kulijaza

Siku hizi biharusi anakuja na picha kwenye simu, anakuonyesha na kusema, "Nataka hii." Unamchorea, anafurahi, na wiki inayofuata mwenzake wa mtaa wa pili anakuja na picha ileile. Ukifanya hivyo mwaka mzima mkono wako utajua kunakili tu. Mimi nachora hina hapa Unguja, na wasichana wanaojifunza kwangu nawaambia watafute daftari la kuchorea kabla hata sijawafundisha kukoroga hina.

Nunua lenye karatasi nyeupe zisizo na mistari, jalada gumu, na liingie kwenye mkoba. Ukilikosa, kaunta buku linatosha. La bei kubwa sana silipendi, maana karatasi nzuri mno humtia mtu woga wa kuichafua. Chukua penseli laini ya 2B na kalamu ya wino. Raba iache nyumbani: hina ikishagusa ngozi huacha doa hata ukiipangusa upesi, kwa hiyo mkono uzoee tangu kwenye karatasi kuamua kwanza, kisha kuchora.

Ukurasa wa kwanza, tandaza mkono wako wa kushoto na uuzungushie penseli. Huo ni mgongo wa mkono. Ukurasa wa pili fanya kiganja, na mbele yake uendelee mpaka kwenye kiwiko. Mkono hupungua kwenye kifundo, halafu hupanuka, na ua lililokaa vizuri kwenye karatasi ya mraba hapo huonekana limepinda. Chora mikono mitupu mingi, minene na myembamba, ya watoto na ya watu wazima, uiache ikusubiri.

Sasa toka nje. Sisi tuna bahati ya kuishi karibu na milango ya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini wengi wetu tunaipita kama ukuta. Nenda Hurumzi, Shangani au Malindi. Piga hodi, omba ruhusa, kaa barazani. Usijaribu kuchora mlango mzima; utachoka na hutajifunza kitu. Chagua mwimo mmoja, yaani ubao wa kusimama wa pembeni mwa mlango. Itazame nakshi mpaka uone kipande kinachojirudia, kichore hicho kimoja kwa ukubwa wa kiganja, kisha chora kando yake mahali kinapoungana na mwenzake. Siri yote imo kwenye maungio. Mtu yeyote anaweza kuchora yungiyungi. Kulifanya lipande juu, lizae jani, jani lizae yungiyungi jingine bila pengo, huo ndio ufundi. Kwenye milango mingi ya zamani utaona chini ya mwimo kuna samaki au mawimbi, halafu mmea unachipuka hapo na kupanda kuelekea kizingiti cha juu, na pembeni mnyororo umezunguka fremu. Fuata mwendo huohuo kwenye mkono: kifundo kiwe chini pa kuotea, vidole viwe juu. Nenda wakati jua limelala ubavuni, kivuli kikuonyeshe kina cha patasi.

Ukirudi nyumbani, fungua sanduku la khanga. Khanga imeshakupangia kazi: pindo la kuzunguka, mji wa katikati, na jina, yaani maneno yake. Nakili pindo moja uligeuze bangili ya kifundo. Chukua korosho iliyochorwa kwenye mji wa khanga uiweke katikati ya kiganja, na uiache nafasi ipumue. Majani nayo usiyasahau, hasa mpopoo na mlangilangi kama upo karibu.

Kila mchoro uandikie mtaa, tarehe, na mstari ulioanza nao. Biharusi akishaondoka, mchore tena mkono wake kwa kumbukumbu, bila picha na bila jina lake, maana siri ya mteja ni amana. Andika ulivyokoroga, hina ilikaa saa ngapi, na rangi ilivyokuwa siku ya pili, kwa kuwa ikibanduliwa huwa ya machungwa na huendelea kukolea hadi siku mbili. Kiganjani hukolea kuliko mgongoni mwa mkono. Piko haimo daftarini mwangu kama isivyokuwemo kazini mwangu. Ile rangi nyeusi ya nywele imeshaunguza ngozi za watu wengi.

Ukitaka kuuzoesha mkono koni ya kuchorea hina, tandaza karatasi ya nailoni juu ya mchoro wako, ufuatishe kwa hina, upanguse, urudie.

Daftari hili usimpe mteja. Mtengenezee albamu yake ya kuchagulia. Ukurasa ukijua utaangaliwa na watu, utaanza kuchora yale unayoyaweza tayari, na majaribio yatakufa. Mle ndani pawe na maua yaliyokataa, mistari iliyokwama, kidole kimoja kilichorudiwa ukurasa mzima.

Wakati mzuri wa kuanza ni Ramadhani. Shaaban harusi zinabanana na hupati hata nafasi ya kukaa, lakini mfungo ukiingia harusi husimama na mchana huwa mrefu. Jaza kurasa katika kumi la kwanza na la pili la mfungo. Kumi la mwisho wateja wa Idi watakuwa wameshapanga foleni mlangoni.