Nyambizi ya bomba inayozama na kuibuka, jinsi ya kuitengeneza

Wajomba wa Mtwara na Lindi mlioulizia lile dude jeusi linalozamishwa baharini pale Mikindani, ni nyambizi ya kuchezea ya bomba, maelezo ndo haya. Mfano wake ni Ohio ya Marekani, nyambizi ya nyuklia inayobeba makombora, urefu mita 170 upana mita 13, yani urefu ni kama mara 13 ya upana, kwahiyo ukichukua bomba la maji taka la milimita 110 ukakata mita 1.45 umbo umeshalipata, hesabu nyingine za nini. Hata za kweli ni mapande ya silinda, yanatengenezwa Quonset Point yanapelekwa Groton kuungwa, huko huko Marekani, na ile yao ya kwanza ya aina hii, George Washington ya 1959, ilikuwa nyambizi ya kushambulia iko kwenye ujenzi, wakaikata wakapachika kipande cha mita 40 hivi cha makombora 16.

Sasa watu wengi wanakimbilia rangi, wakati kazi yote iko kwenye uzito. Ohio ikielea ina tani 16,764, ikizama 18,750, hiyo tofauti ya karibu tani 2,000 ni maji ya bahari tu yameingia kwenye matangi. Bomba lako likizama lote linasukuma maji lita 13.8, kwahiyo likamilike na kilo 12.3 hivi matangi yakiwa na hewa, afu matangi yabebe lita moja na nusu.

Matangi yanakaa ncha zote mbili. Ingia ndani sentimita 9 toka kila mwisho, weka kizuizi cha duara ulichokata kwenye ndoo ya plastiki iliyochoka, ziba kwa epoksi pande zote mbili na uache usiku kucha, usiwe na haraka hapa maana kikivuja hiki umekwisha. Ncha unafunga na kofia za bomba. Kila tangi toboa matundu matatu chini, juu pitisha mrija wa dripu. Ukiachia mrija hewa inatoka juu maji yanaingia chini, ukipuliza maji yanatoka, na Ohio inafanya hivyo hivyo ila hewa yake imeshindiliwa kwenye mitungi kwasababu kule chini maji yanakandamiza vibaya sana. Wewe kina cha kiunoni mdomo unatosha, zaidi ya hapo tafuta pampu ya baiskeli. Halafu mirija miwili usiiunganishe, kila tangi na wake, la sivyo hewa inahamia upande mmoja na dude linasimama wima.

Kabla hujaziba kizuizi cha pili weka uzito ndani. Mchanga sikushauri, bomba likiinama kidogo mchanga wote unakimbilia mbele na linapiga mbizi lenyewe. Tumia nondo za milimita 12, vipande vinane vya mita 1.25 ni karibu kilo 9, mabaki saiti hayakosekani, funga kwa bainding waya na uzilaze chini kabisa ugandishe na epoksi ili bomba lisibiringike. Pima kwenye mizani ya wauza samaki, kinachopungua malizia na nati ukizibandika nje kwenye tumbo. Ukijaribia kwenye pipa la maji ya bomba likakaa sawa, ujue baharini litagoma kuzama, maji chumvi ni mazito, ongeza kama gramu 350.

Mnara unakaa karibu na mbele, na vibawa vyake viwili. Nyuma ya mnara panga vifungo vya koti 24, mistari miwili ya 12, hiyo ndo mifuniko ya makombora (baadaye walipunguza wakawa wanatumia 20 tu kwa ajili ya mkataba na Warusi). Kombora moja la Ohio (linaitwa Trident) lina tani 59 hivi, likitoka tu maji yanajaa kwenye bomba lake, bila hivyo meli ingepanda juu yenyewe. Uzito tena! Rangi nyeusi, basi.

Kuzamisha nenda asubuhi kabla kusi haijachangamka, siku za maji mafu, bamvua mkondo utaibeba. Watoto wagawe vikosi viwili, bluu na dhahabu, kama Wamarekani wenyewe, kikosi kimoja kinakaa baharini wastani wa siku 77, kinarudi, matengenezo siku 35, halafu kinaingia kingine na meli ile ile. Chakula ndo kinawarudisha, umeme wa kinu cha nyuklia upo na hewa ya kupumua wanaitoa kwenye maji.

Ukirudi suuza na maji yasiyo na chumvi, hasa yale matundu, pulizia mirija mpaka ikauke, nati zikishika kutu badilisha. Na ukiwa majini funga kamba yenye boya la rangi kali kwenye mkia, mrija ukichomoka unavuta tu, na wavuvi wakiona boya hawakuletei ngalawa juu yake.