Kuruka kwenye karate: michezo ya kuwafundisha wanafunzi, hatua kwa hatua

Mwalimu mwenzangu aliomba msaada kwa kundi lake: vijana wenye mateke mazuri wakiwa wamesimama, lakini wakifika kwenye nidan-geri (mateke mawili ndani ya mruko mmoja) ya Kanku Dai, mojawapo ya kata, yaani mifululizo ya mapigo na vizuizi iliyopangwa, wanapiga mateke mawili huku mguu mmoja ukiwa bado chini. Huu ndio mpangilio niliompa. Vifaa ni mikanda, kamba ya kuruka, chaki na pedi moja. Kupasha mwili moto unajua mwenyewe.

Hatua ya 1: Sakafu

Tunaruka pekupeku, kwa hiyo kagua mikeka kwanza. Mikeka ya kuunganisha huachiana taratibu, na kidole gumba kikinasa kwenye mwanya mtoto anaanguka kifudifudi. Soksi zivuliwe. Kwenye zege tupu msiruke kabisa.

Hatua ya 2: Kutua kimya

Wageuzie mgongo. Wanaruka mmoja mmoja, na ukisikia kishindo unanyoosha mkono juu: aliyesikika anarudi mwisho wa mstari. Watoto wanaupenda mchezo huu kupita kiasi, na unafundisha bila maelezo. Ukimwambia mtoto "kunja magoti", atayakunja akiwa ameshatua. Ukimwambia "nisikusikie", atatanguliza mbele ya unyayo, atashusha kisigino taratibu na kukunja magoti kwa wakati wake, bila kujua kwamba amefanya hivyo.

Msaidizi asimame mbele yao aangalie magoti. Yakiinama kwa ndani wakati wa kutua, mwanafunzi huyo abaki kwenye miruko midogo mpaka magoti yaelekee upande wa vidole.

Hatua ya 3: Kamba

Urefu sahihi: simama katikati ya kamba, mishikio ifike kwapani. Dakika moja kuruka, dakika moja kupumzika, mara tatu. Visigino viguse chini kidogo tu au visiguse kabisa.

Kwangu kamba ndiyo mama wa mazoezi yote ya kuruka. Kano ya kisigino hufanya kazi kama mpira wa manati: inavutwa, kisha inaachia. Lakini miguu ikibaki sakafuni muda mrefu kabla ya kuruka, nguvu ile inapotea. Kamba inamlazimisha mwanafunzi aguse na kuondoka. Ndiyo maana sipendi trampolini, kwa sababu inamzoesha kusubiri arushwe. Na vile vifuko vya uzito vya kufunga miguuni viweke mbali. Ukipiga teke ukiwa umevivaa, goti ndilo linalolipa.

Hatua ya 4: Mto na nyoka

Mto: laza mikanda miwili sakafuni, wanafunzi wavuke kwa miguu miwili pamoja, na kila mzunguko upanue kidogo. Nyoka: simama katikati ya duara, zungusha mkanda wa mtu mzima ukiwa umefunga glavu nyepesi kwenye ncha ili usipae, nao wauruke unapopita. Atakayeguswa anafanya miruko mitano ya chura kisha anarudi mchezoni. Usimtoe nje, maana anayeguswa kwanza ndiye anayehitaji kuruka zaidi.

Hatua ya 5: Goti la kwanza

Hapa ndipo kundi lile lilipokwama, na ndipo makundi mengi hukwama. Nguvu walikuwa nazo. Shida ilikuwa kwamba walilipiga teke la kwanza kweli kweli. Mguu ukishanyooka mbele, paja linaacha kupanda, kiuno kinasukumwa mbele badala ya juu, kiwiliwili kinalala nyuma, na mguu wa pili haupati nafasi. Wakati wa kujifunza, sahau teke la kwanza. Kazi ya mguu ule ni goti tu, na goti ndilo linalomwinua. Teke lirudi baadaye, wakati kata inapolidai.

Kwanza tafuta mguu anaorukia. Mwambie akimbie avuke mto bila kuwaza, na mguu anaousukumia ndio huo. Aanze nao hata kama kata inataka mwingine. Upande wa pili utafuata mruko ukishashika.

Kisha, kwa mpangilio huu:

Apige hatua moja, ainue goti ligonge kiganja chako kwenye usawa wa kiuno chake. Bado haruki.

Afanye vilevile akiruka, atue kwa mguu uleule aliorukia. Wengi watataka kuongeza teke hapa. Kataa.

Sasa abadilishe magoti hewani: la kwanza likianza kushuka, la pili linapanda. Bado hakuna teke. Piga makofi mawili ya haraka, "pa-pa", naye aseme pamoja nawe. Mwenye kusema "pa... pa" atapiga teke la pili akiwa ameshatua, utaona.

Mwisho, goti la pili linafunguka kuwa mae-geri, teke la mbele, kwenye pedi.

Tahadhari ni nyingi. Anayeshika pedi ana hamu ya kuipandisha kila mwanafunzi anapoifikia, na mwanafunzi anaifuata kwa kulala nyuma, mwishowe anatua kwa makalio. Pedi ikae kwenye kimo anachopiga akiwa amesimama, isipande mpaka atue wima mara kadhaa mfululizo. Ukitaka aende juu badala ya mbele, watu wawili washike mkanda mbele yake chini ya usawa wa goti, karibu na anaporukia. Ukiwa mbali anaugeuza kuwa mruko wa masafa. Mkanda ulale juu ya viganja vilivyo wazi, usizungushwe mkononi kamwe, ili akiunasa uanguke nao usimwangushe yeye.

Mikono nayo: wengi wanaigandisha kwenye ulinzi tangu hatua ya kwanza. Waache waipeperushe chini kwenda juu kwanza, maana mikono inaongeza kimo waziwazi, kisha upunguze mpaka vibaki viwiko tu. Na mwanafunzi akianza kuharibu kilichokuwa kizuri, amechoka. Simamisha, usimwongezee marudio.

Hatua ya 6: Kiasi

Mara mbili kwa wiki, na siku mbili za kupumzika katikati. Kwa watoto sivuki kutua mara 60 kwa kipindi, ukiacha kamba. Kijana anayerefuka haraka akilalamika maumivu chini kidogo ya kilegesambwa, pale mfupa wa muundi unapotokeza, asiruke. Hiyo mara nyingi ni Osgood-Schlatter, hali ya kano kuvuta mfupa ambao bado unakua. Amwone daktari, na mazoezi ya kuvumilia maumivu yasiwepo.

Hatua ya 7: Chaki ukutani

Asimame ubavu kwa ukuta, anyooshe mkono, atie alama kwa kidole chenye chaki. Aruke, atie nyingine. Pima nafasi kati ya alama hizo, si urefu kutoka sakafuni, la sivyo warefu watashinda kila mara. Rudieni mwisho wa mwezi, kila mtu akishindana na alama yake.

Hatua ya 8: Kurudi kwenye kata

Anza na mruko wa kata ya Heian Godan, maana hauna teke: wanaruka na kutua chini kwenye kosa-dachi (msimamo wa miguu iliyopishana), mikono kwenye juji-uke (kizuizi cha mikono iliyopishana), na masikio yako yanajua tayari la kusikiliza. Kisha nidan-geri ya Kanku Dai. Mizunguko ya hewani ya kata za Empi na Unsu iache mpaka kutua kumetulia pande zote mbili. Ukifika huko, wafundishe kwanza kugeuza kichwa na mabega bila kuruka, kwa sababu anayeruka kabla ya kugeuza kichwa anatua nusu mzunguko akiwa amempa mgongo mpinzani wake.