Kutoa mimea ya ndani nje sehemu za baridi: angalia usiku kwanza

Nimetoka kumsaidia jirani kutoa mimea yake nje, akaniuliza itapona kweli? Msimu wa joto inapona tena inastawi kuliko ndani. Ila baridi ikianza, monstera, pothosi na fikasi zinarudi ndani, hapo hakuna ujanja.

Hatua ya 1: Tafuta thamometa inayotunza kiwango cha chini kabisa cha usiku, uiweke palepale chungu kitakapokaa. Apu ya simu siiamini kwa hili, inakupa hali ya eneo zima wakati wewe unataka ya kona yako.

Hatua ya 2: Subiri usiku upate joto. Hapa ndipo wengi wanapoteza mimea. Mchana nyuzi 20, jua zuri, mtu anatoa vyote, usiku inashuka mpaka 6, asubuhi majani yako fresh tu, halafu baada ya siku kadhaa yanaanza mabaka meusi yaliyolegea na kulowana na mtu anadhani ni ugonjwa. Hiyo ni baridi, na wala barafu haijaonekana. Mingi ya mimea hii inaanza kuumia chini ya nyuzi 10 hivi, utando wa seli unakakamaa halafu unavuja. Kwa hiyo subiri mpaka usiku uwe haushuki chini ya 12, wiki nzima mfululizo, usiku mmoja mzuri usikudanganye. Halafu kuna usiku usio na mawingu, jani lililo wazi linapoteza joto kwenda angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe, ndo maana chungu cha chini ya paa kinasalimika na cha katikati ya uwanja kinaungua kwa baridi. Na udongo uliolowa ukikutana na baridi mizizi inaoza, so toa kile kisahani cha chini, na usimwagilie mpaka uingize kidole ukute pakavu. Mimi natumia vyungu vya udongo tu, vinakauka haraka na upepo hauviangushi ovyo.

Hatua ya 3: Kivuli kwanza. Jani lililokulia ndani likipigwa jua la mchana linababuka jeupe na halirudi tena. Wiki ya kwanza kivuli kitupu, kisha jua la asubuhi kidogokidogo. Monstera iache kivulini muda wote.

Hatua ya 4: Usiku ukianza kukaribia 12 tena, rudisha. Osha majani hasa upande wa chini, kagua utitiri na vile vidudu vyeupe kama pamba, tenga na mingine wiki mbili.

Unataka cha kukaa nje mwaka mzima, na baridi ya kwenu si kali mno? Panda Fatsia japonica, Aspidistra, au mtende wa Trachycarpus fortunei. Hata mgomba upo, Musa basjoo, majani yanakufa na barafu lakini tunguu, yaani shina la chini ya udongo, linachipua tena, mradi ulifunike kwa majani makavu mengi kabla baridi haijakaza.