Namna ya Kuchagua Mashine ya Presha ya Kuoshea Gari na Nyumba Dar es Salaam

Anayekwenda Kariakoo kununua mashine ya presha huulizwa kwanza kama anataka ya baa ngapi, baa ikiwa ni kipimo cha presha. Swali hilo si baya, ila halipaswi kutangulia. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam maji hayaingii kwenye koki moja kwa moja kutoka bomba la DAWASA, bali hushuka kutoka kwenye tenki lililopandishwa juu ya mnara, na kwa sababu hiyo kinachoamua kama mashine itadumu miaka au itakufa ndani ya mwezi ni maji yanayoingia ndani yake kabla ya presha inayotoka. Nashauri uanze uchaguzi wako nyumbani, kwenye koki ya uani, kabla hujashika nauli ya kwenda mjini.

Chukua ndoo ya lita 20, iweke chini ya koki utakayoiunganisha na mashine, fungua koki yote, kisha tazama kwenye simu ndoo inachukua muda gani kujaa. Mashine nyingi za nyumbani hutumia kati ya lita 350 na 500 kwa saa. Ile ya lita 400 inahitaji ndoo hiyo ijae ndani ya dakika 3, na ile ya lita 500 inahitaji ijae ndani ya dakika 2 na sekunde 24. Ndoo yako ikichukua dakika 4, maana yake unapata lita 300 kwa saa, na mashine yoyote kati ya hizo itakuwa inadai maji kuliko inavyopewa. Rudia kipimo hicho siku tenki limebaki robo, kwa sababu maji yakipungua tenkini nguvu ya kushuka nayo hupungua, na ni siku kama hiyo ambapo pampu huumia.

Pampu isiyopata maji ya kutosha huvuta hewa. Utaisikia: mlio hupanda na kushuka, mpira hutetemeka mkononi, na maji hutoka kwa kukatika, mara makali mara legevu. Ndani ya pampu maji hayo hayo ndiyo yanayolainisha na kupoza sili, yaani raba zinazozuia maji yasivuje, hivyo sili zikikaukiwa huungua. Mashine yangu ya kwanza ilikufa kwa njia hiyo. Niliiunganisha kwenye koki ya nusu inchi, mwisho kabisa wa bomba refu linalotoka kwenye simtanki, na kwa wiki tatu niliuchukulia mlio ule wa kukwama kuwa ndiyo tabia ya mashine. Fundi alipoifungua alinionyesha sili tatu, moja kwa kila pistoni, kingo zimeliwa, raba yake imekuwa ngumu kama plastiki ya chupa. Aliyeniuzia alinisifia presha tu, wala hakuniuliza maji nayapata wapi.

Hesabu yake ni rahisi. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban baa 1, kwa hiyo tenki lililo juu ya mnara wa mita 3 linakupa kama baa 0.3, na bomba jembamba lenye kona nyingi hupunguza hata hizo. Unaweza kurekebisha kwa kutoa bomba la robo tatu inchi moja kwa moja kutoka tenkini hadi mahali pa kuoshea. Njia ninayoipenda zaidi, hata hivyo, ni kununua mashine yenye uwezo wa kuvuta maji yenyewe kutoka kwenye pipa au ndoo. Uwezo huo huandikwa kwenye maelezo ya mashine, na huendana na mpira mgumu wa kuvutia wenye chujio na vali ya kuzuia maji yasirudi. Mpira wa kawaida wa bustani haufai kwa kazi hiyo, kwa kuwa hubonyea unapovutwa na maji hayapiti. Kwa jiji ambalo mwishoni mwa mwaka 2022 lilipita katika mgao mkali wa maji baada ya Mto Ruvu kupungua, sioni sababu ya mtu kununua mashine inayotegemea bomba lenye nguvu. Ukiwa na pipa unajua pia umetumia kiasi gani: mashine ya lita 400 kwa saa, ukibonyeza bunduki ya kurushia maji kwa jumla ya dakika 10, humaliza lita 67 hivi, yaani ndoo tatu na kitu, na gari dogo limekwisha.

Ukishayajua maji yako, sasa soma boksi, na usome kwa kutilia shaka. Kazi ya mashine hii hutokana na vitu viwili pamoja, presha na wingi wa maji, na vyote viwili hulipiwa na wati za mota. Zidisha baa kwa lita za saa moja, gawanya kwa 36, utapata wati ambazo maji yenyewe yanahitaji. Mashine ya baa 110 na lita 390 kwa saa inahitaji wati 1,190 kwenye maji, na kwa kuwa mota na pampu hupoteza sehemu ya nguvu njiani, mota ya wati 1,600 au 1,700 inaeleweka. Ukikutana na boksi linalodai baa 200, lita 480 kwa saa na mota ya wati 1,800, hesabu inakupa wati 2,667, na hakuna mashine inayotoa nguvu kubwa kuliko inayoipokea. Mara nyingi namba hizo ni vilele viwili visivyotokea kwa wakati mmoja: presha imepimwa maji yakiwa yamebanwa, na lita zimepimwa maji yakiwa yameachiwa. Tafuta kwenye kibao cha mashine presha ya kufanyia kazi, ambayo huandikwa kando ya presha ya juu kabisa, na uilinganishe hiyo.

Kwa gari, bajaji au pikipiki, baa 80 hadi 110 zinatosha kabisa. Kwa pevingi zilizoota ukoko wa kijani baada ya masika, ngazi zinazoteleza na ukuta wa fensi, baa 120 hadi 150 zitakupunguzia muda wa kusimama juani. Zaidi ya hapo, kwa matumizi ya nyumbani, unalipia nguvu itakayochimbua mchanga katikati ya pevingi na kubandua rangi ya ukuta uliyoilipia fundi. Kama kazi zako ni gari na uwanja mdogo, chagua yenye lita nyingi kidogo kuliko yenye baa nyingi, maana tope la Kivule au Goba lililoganda chini ya matairi huondolewa na maji yanayolibeba likishalegea.

Mota ziko za aina mbili, na tofauti yake utaijua kwa mkono na sikio. Mota ya kaboni ni nyepesi, bei yake ni ndogo, hupiga kelele kali, na kaboni zake, vile vipande vidogo vinavyopitisha umeme ndani ya mota, huisha polepole kila inapozunguka. Mota isiyo na kaboni ni nzito, huunguruma kwa sauti ya chini, na huvumilia kazi ya muda mrefu. Anayeosha gari moja kila Jumamosi kwa nusu saa atatosheka na ya kwanza, mradi aipumzishe kama kitabu chake kinavyoelekeza. Mwenye magari matatu, au anayefikiria kuwaoshea majirani kwa malipo, asijaribu kuokoa pesa hapo. Uliza pia kichwa cha pampu kimetengenezwa kwa nini: shaba nyeupe hudumu kuliko alumini, na alumini hudumu kuliko plastiki, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, ambao kwetu pwani ni wengi.

Kuhusu umeme, matumizi hayatishi: mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi nusu saa hula uniti 0.75 ya LUKU. Kinachotisha ni waya. Ekstensheni nyembamba ya redio na pasi hupunguza volti, mota hupata joto, na plagi huanza kunuka. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5 kama umbali unazidi mita 15, na kama ekstensheni ni ya kuviringisha, ifungue yote, kwa sababu waya uliojiviringisha hukusanya joto hadi kuyeyuka. Soketi lazima iwe na waya wa ethi unaofanya kazi kweli, na kwenye bodi kuwe na breka inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Hapa sina lugha ya kulegeza: umesimama kwenye maji, miguu mitupu au kandambili, umeshika kifaa cha umeme. Kama nyumba haina breka hiyo, mlipe fundi umeme aifunge kwanza, ndipo ununue mashine.

Mashine za petroli zina nguvu na hazihitaji soketi, lakini moshi wake huua ndani ya gereji iliyofungwa, na kelele zake ni za eneo la biashara. Zile za betri, ambazo nyingi hutoa baa 20 hadi 40, zinamfaa anayeishi ghorofani na kuosha pikipiki kwa ndoo moja.

Mpira wa presha usiwe chini ya mita 6, la sivyo utaiburuta mashine kuzunguka gari huku ikigonga rangi. Nozeli, yaani vichwa vidogo vya kutolea maji vinavyochomekwa mbele ya bunduki, ndizo zinazoamua kama utasafisha au utaharibu. Zinazouzwa kwa rangi hufuata mpangilio mmoja: nyekundu hutoa mstari mmoja wa nyuzi 0, njano nyuzi 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya sabuni. Gari lioshwe kwa nyeupe, kwa umbali wa sentimita 30 au zaidi, na usilielekeze kwenye mapezi ya rejeta, raba za milango, wala mahali rangi imeanza kunyanyuka. Kijani itumie kwenye pevingi. Nyekundu iweke kabatini, watoto wasiione. Mstari ule hupasua ubavu wa tairi, na hupenya ngozi. Mtu akipigwa nao na kubaki na kitundu kidogo kisichotoa damu nyingi, msimpake dawa mkamwacha alale. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo na mwelezeni daktari kuwa ni maji ya presha, kwa sababu madhara yako ndani.

Ukifika dukani, iwe ni upande wa Gerezani au kwenye maduka makubwa, uliza vipuri kabla ya bei: sili, kaboni, bunduki na mpira wa akiba vinapatikana hapo, au ukiharibikiwa unanunua mashine nyingine? Nenda hata kwa fundi wa jirani umuulize ni aina gani anazozipatia vipuri. Baadhi ya wauzaji huichomeka mashine na kuiwasha ikiwa kavu ili usikie mlio. Usikubali, omba ndoo ya maji, ivute, ibonyeze, uiachie. Ukiachia bunduki, mashine nzuri huzima mota yenyewe na kuwaka tena unapobonyeza. Ikiwakawaka yenyewe bila kuguswa, presha inavuja mahali. Dai risiti ya EFD yenye jina la mashine, kwa kuwa waranti bila risiti ni maneno.

Siku ya kwanza nyumbani, unganisha maji, fungua koki, kisha bonyeza bunduki mashine ikiwa imezimwa mpaka maji yatoke mfululizo bila mapovu ya hewa, ndipo uwashe. Ukivuta kutoka kwenye pipa, jaza kwanza maji kwenye mpira wa kuvutia, na uliweke pipa usawa wa mashine au mahali pa juu kuliko mashine. Ukimaliza, zima mashine, funga maji, bonyeza bunduki mara ya mwisho ili presha iliyobaki itoke, na kama umetumia maji ya chumvi, pitisha ndoo moja ya maji ya bomba yasiyo na chumvi kabla ya kuikunja na kuiweka ndani, mbali na upepo wa bahari.