Mbwa wa konde huzoeshwa angali mdogo

Msimu uliopita nilipita konde moja upande wa Micheweni, Pemba. Mbwa kafungwa kamba ya usumba chini ya muembe, na hatua kama ishirini mbele yake tumbiri watatu wanang'oa muhogo, wanamenya, wanatupa maganda. Mbwa kawatazama, kisha kalaza kichwa. "Huyu mbovu, bwana shamba," mwenye konde akaniambia, "nataka nimbadilishe." Nikamuuliza alimpata vipi. Kapewa na wasasi, tayari mkubwa, na chakula humtupia siku anayokumbuka.

Mimi ubovu sikuuona kwa mbwa. Mnyama huyu asili yake ni mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za baridi, na alianza kukaa na watu zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kabla binadamu hajajua kulima wala kufuga mbuzi. Wataalamu wengi wanaona kuwa wale wasio waoga sana walisogelea kambi za wawindaji kula mabaki, wakazaliana hapo hapo, na kila kizazi kikazidi kutulia. Kule Bonn-Oberkassel, Ujerumani, mwaka 1914 lilifukuliwa kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa pamoja na mbwa. Meno ya mbwa yule yalionesha kuwa aliugua vibaya utotoni. Bila ya watu kumuuguza asingefika umri ule. Urusi nako, kuanzia 1959, mwanasayansi Dmitri Belyaev aliwazalisha mbweha wapole peke yao, na baada ya vizazi vichache tu wakawa wanamtikisia mtu mkia.

Kwa hivyo ukitaka mlinzi, anza kwa mama yake. Mama akiwa mtulivu, na watoto huwa na nafasi ya kutulia. Usimtoe mtoto kwa mama kabla ya wiki ya nane, lakini usikawie mno: kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili ndipo anapojifunza nani wa kwao. Akiupitisha umri huo hajakaa na watu, utahangaika naye.

Najua wengi wetu tunachelea najisi. Mbwa wa kulinda mazao, wa mifugo na wa kuwinda wametajwa katika hadithi za Mtume kuwa wana ruhusa, na huna haja ya kumpapasa ndipo akupende. Sauti na chakula vinatosha. Mpe jina moja fupi, muite kwa jina hilo kila unapomlisha, asubuhi na jioni, wewe mwenyewe. Awe na kifuu chake cha maji na sahani yake, vikae huko huko kondeni. Ukoko wa wali anausaga vizuri, maana tumbo lake limezoea wanga kuliko la mbwa mwitu, ila uchanganye na samaki. Ukenda kukagua mipaka, nenda naye. Mkono wako ukiwa wa kumpiga tu, siku ya tumbiri atakimbilia kichakani.

Mchana asifungwe kutwa nzima pahala pamoja. Afungwe akiwa na sababu, na kivulini. Na mfunze kurudi ukimwita. Kwa wenzetu wa Unguja hili ni kubwa zaidi, kwani kima punju analindwa kisheria, na paa nunga wamebaki wachache. Kazi ya mbwa ni kufukuza, aishie mpakani.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akitimia miezi mitatu, kisha irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Pemba maradhi haya yalishaondoka, yakarudi 2016, na yaliondoshwa tena kwa kuchanja mbwa. Akikuuma mbwa yeyote, hata wako, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.