Nakala ya faili zako isilale nyumba moja na kompyuta

Kama diski yako ya nje inakaa mkoba mmoja na laptopu, bado huna nakala. Mwizi akiingia huondoka na vyote viwili, na mafuriko kama yale ya Nairobi ya Aprili 2024 hayachagui droo.

Nunua diski mbili. Moja ibaki kwako Umoja, nyingine mwachie dada yako Rongai, mbadilishane kila mkikutana mwisho wa mwezi. Kabla haijatoka mlangoni, ifunge kwa VeraCrypt, programu ya bure inayosimba diski nzima. Hata ikisahaulika kwenye matatu, atakayeiokota hataweza kusoma chochote bila nenosiri. Nenosiri lenyewe liwe refu, liandike kwenye karatasi na ulihifadhi mbali na diski, maana ukilipoteza hakuna fundi wa Luthuli Avenue atakayekufungulia. Hilo tafadhali lizingatie sana.

Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, nayo inatoa GB 15 bila malipo, zinazotosha vyeti, hati ya shamba na cheti cha PIN ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Ila folda inayojisawazisha yenyewe usiitegemee peke yake: ukifuta faili kwenye kompyuta, kule nako inafutika, na pipa la taka huishikilia siku 30 tu.

Kisha ijaribu. Diski ikirudi kutoka Rongai, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue picha mbili tatu na hati moja. Zikigoma, tengeneza nakala mpya siku hiyo hiyo.