Somo: Namna ya kuingiza programu za kufanyia kazi pamoja ofisini, na zikatumika kweli

Wakuu, salamu. Somo hili ni la mwenye biashara, meneja au mtu wa IT aliyeambiwa "tutafutie programu ya kufanyia kazi pamoja". Iwe wiki (kurasa za pamoja mtandaoni ambazo kila mhusika anaweza kuzihariri), gumzo la ofisi au hati inayoandikwa na wengi kwa wakati mmoja, ugonjwa unaoziua ni uleule: zinaongezwa juu ya barua pepe na WhatsApp bila kuondoa chochote. Mfanyakazi anapata mahali pengine pa kuchungulia kila asubuhi, anachoka, anarudi alikozoea.

Hatua ya 1: Chagua kazi kabla ya programu
Tafuta kazi moja inayokera wengi. Orodha ya bei ni mfano mzuri. Faili la Excel linazungushwa kwa barua pepe, kila mtu anarekebisha lake, mwishowe kuna "bei_mpya", "bei_mpya_mwisho" na "bei_mpya_mwisho_kabisa", na muuzaji anamtajia mteja bei iliyokwisha kufutwa. Hamishia kazi hiyo peke yake kwenye hati moja ya pamoja. Ikikwama utaona imekwamia wapi. Ukihamisha ofisi nzima kwa mpigo hutajua.

Hatua ya 2: Tenganisha maongezi na kumbukumbu
Hapa ndipo wengi huteleza. Gumzo kama Slack au Teams ni la mambo ya leo. Lililoamuliwa asubuhi, kufika jioni limeshafukiwa na ujumbe mwingine, na mpango wa bure wa Slack huonyesha ujumbe wa siku 90 zilizopita tu. Wiki ni kinyume chake: jambo moja, ukurasa mmoja, na anayeona kosa analisahihisha hapohapo, kama ilivyokuwa kwenye wiki ya kwanza, aliyoianzisha mtaalamu wa programu Ward Cunningham mwaka 1995. Wiki za sasa hutunza pia matoleo ya nyuma, kwa hiyo mtu akiharibu ukurasa unarudishwa.

Kanuni: uamuzi ukifikiwa kwenye gumzo, uandikwe kwenye wiki, kisha kiungo kirudishwe kwenye gumzo. Mtaje kwa jina wa kuifanya kazi hiyo. "Tutaandika wote" maana yake hataandika mtu.

Hatua ya 3: Funga njia ya zamani
Tangaza tarehe. Kuanzia siku hiyo, bei iliyotumwa kwa barua pepe haihesabiki. Bosi ndiye wa kuchungwa zaidi: akiomba faili "nitumie tu kwa email", wote watamfuata.

Hatua ya 4: Ruhusa, na mlango wa kutokea
Mishahara na siri za wateja zifungiwe. Mengine yaachwe wazi. Anayeacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo. Na kabla hujalipa, jaribu kutoa data yako yote nje ya programu. Programu nazo hufungwa: Google Wave, programu ya Google ya kufanyia kazi pamoja, ilitangazwa 2009, na 2010 Google ikaacha kuiendeleza. Meta, wenye Facebook, nayo ilitangaza 2024 kuwa inaifunga Workplace, programu yake ya mawasiliano ya ofisini, hivyo kampuni zilizokuwa humo zikalazimika kutafuta pa kuhamia.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, sisi tuko saba tu na kikundi cha WhatsApp kinatosha. Kuna haja?
Jibu: Kwa maongezi kinatosha, bakini nacho. Ila anayeondoka anaondoka na maongezi ya wateja kwenye simu yake, na anayeajiriwa leo hana pa kusoma mliyokubaliana mwaka jana. Ongezeni ukurasa mmoja wa maamuzi, basi.

Swali: Wiki tunayo, lakini mwandishi ni mmoja, wengine wanasoma tu. Tumefeli?
Jibu: Hapana. Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika 2006 kuwa kwenye jamii za mtandaoni takriban asilimia 90 husoma tu, 9 huchangia kidogo, 1 ndiyo hubeba mzigo. Ofisini unaweza kupata zaidi, maana ni kazi. Cha kuangalia ni kama wasomaji wanasahihisha makosa wanayoyaona, na nani anashika usukani mwandishi wako akienda likizo.

Swali: Bosi anataka ripoti ya idadi ya waliojiunga.
Jibu: Mpe, lakini haisemi kitu, akaunti kila mtu anayo. Ongezea kilichopungua: barua pepe zenye viambatisho vya bei, na wateja waliotajiwa bei mbili tofauti.

Swali: Wakongwe hawataki kuandika wanachojua. Wanaona wakishaandika, kuwaondoa ni rahisi.
Jibu: Hofu yao ina msingi, na hakuna programu inayoitibu. Kama kweli kuna mpango wa kupunguza watu, waambieni kwanza. Kama haupo, muda wa kuandika uwe ndani ya saa za kazi, na uhesabiwe kwenye tathmini ya mwaka. Anza na yule ambaye wote humpigia simu wakikwama. Usimpe kibodi, mketishe na kijana mmoja, mzee aeleze, kijana aandike, kisha mzee apitie na kusahihisha.